Nani Aliyemfundisha Wakesho?

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali zamani za juzijuzi tu, palikuwa na msichana wa kidato cha nne huko milima ya Taita, jina lake Wakesho. Hesabu aliziweza. Biolojia aliipenda, maana alitaka kuwa muuguzi. Lakini fasihi ya Kiingereza ilimtoa jasho. Kila jaribio alianguka, na bila alama nzuri ya Kiingereza, chuo cha uuguzi kisingemtazama hata usoni.

Mwaka ule watahiniwa walisoma tamthilia ya mama aliyemficha mwanawe. Ilikuwa wakati wa njaa. Kijana aliiba mbegu za kijiji ghalani, akazila. Wanakijiji walipomsaka, mama akamfungia ndani, akaapa hajamwona. Mvua ikaja, mbegu hakuna, watu wakahama. Basi, ndiyo tamthilia yenyewe. Wakesho aliisoma, akarudia, akafunga kitabu.

"Sasa hapa nijibu nini?"

Wa kwanza kumsaidia alikuwa dada yake, Mghoi. Mghoi alikuwa ameufeli mtihani huohuo, na sasa alijiandaa kuurudia. Kitabu nyumbani kilikuwa kimoja. Likizo nzima Mghoi alimsomea mdogo wake kwa sauti. Akawa mama, akawa kijana, akaupiga mlango ngumi kama wanakijiji wenye hasira mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Wakesho akacheka. Kisha akalia. Kumbe alikuwa ameanza kuielewa.

"Mama hana kosa," Mghoi alisema. "Ungekuwa wewe umeiba, mimi ningekutoa?"

Shule ilipofunguliwa, akamwachia mdogo wake kitabu kile. "Chukua uende nacho bwenini. Mimi nimeshakishika kichwani."

Hakuwa amekishika.

Wa pili alikuwa Mwalimu Mwadime, mstaafu aliyekuwa akija shuleni Jumamosi bila kuitwa na mtu. Alipomsikia Wakesho akisimulia habari za yule mama kwa uchungu, akatikisa kichwa.

"Wacha machozi, binti. Mtahini hapimi machozi. Anataka hoja, na ushahidi kutoka kitabuni, halafu hoja nyingine."

Akamfundisha kulichambua swali, kuugawa muda, kuianza insha na kuifunga. Insha zake zilirudi zimejaa wino mwekundu, akaziandika upya, zikarudi tena nyekundu.

"Na huyo mama ana kosa," Mwalimu akasisitiza. "Aliwasaliti wenzake. Shika hilo, usiliachie." Wakesho akalikariri mpaka akawa analiota.

Wa tatu alikuwa Maghanga, mwanafunzi mwenzake. Siku moja katika majadiliano darasani, Wakesho alitoa jibu la Mwalimu neno kwa neno. Maghanga akamkatiza.

"Hayo ni ya Mwalimu. Ya kwako yako wapi?"

"Niache bwana."

"Nani aliyelifunga ghala watoto wakilala njaa? Mbona wazee wa kijiji hawaulizwi?"

Darasa likacheka. Wakesho akatoka analia, akakisusa kitabu wiki nzima, na mtihani ulikuwa mlangoni. Alipokifungua tena, akili yote ilikuwa vurugu. Mghoi kasema mama hana kosa. Mwalimu kasema mama ana kosa. Maghanga kasema kosa ni la kijiji. Na kila alipofunua ukurasa, aliona wote watatu wanasema kweli.

Siku ya mtihani swali likaja: Nani wa kulaumiwa? Jadili.

Akamtetea mama. Akamshtaki mama. Akawashtaki wazee. Mwisho akaandika jambo ambalo hakuambiwa na mtu: kwamba tangu mlango ule ufungwe, yule kijana hasemi neno hata moja, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Matokeo yakatoka. Wakesho akaongoza shule nzima. Maghanga alipita kwa shida. Mghoi alifeli tena, katika swali lilelile.

Ndipo mkuu wa shule akamwita Wakesho ofisini. "Tunataka mtu wa kukaa maktaba, awasaidie wadogo zenu kudurusu vitabu vya Kiingereza. Nafasi ni moja. Sitaki kubahatisha, nakuuliza wewe. Nani alikufundisha? Huyo ndiye nitakayempa."

Wote watatu, waliokuwa wamekuja shuleni kusikia matokeo, walikuwa pale pale mlangoni.

Mghoi akasema, "Kabla yangu kitabu hicho kilikuwa karatasi tu kwako. Nilikupa, nikabaki mikono mitupu."

Mwalimu Mwadime akasema, "Dada yako alikuliza, sawa. Lakini kilio hakina aya. Nani alikufundisha kuandika? Na tangu nistaafu, binti, ni Jumamosi zile tu zinazoniinua kitandani."

Maghanga akasema, "Nilikuumiza, najua. Lakini bila mimi ungejibu kama kasuku, upewe alama za kasuku."

"Aliyefeli mara mbili atafundisha nini?" Mwalimu akauliza, taratibu.

"Na huyu aliyefaulu, Mwalimu, si ndiye niliyemfundisha?" Mghoi akajibu.

Wakesho akamtazama dada yake. Akamtazama Mwalimu. Akamtazama Maghanga, naye Maghanga akainamisha macho.

"Mkuu, nipe hata siku moja nifikiri."

"Wanafunzi wanafika kesho, mwanangu. Nitajie jina."

Akafungua kinywa. Jina la kwanza likamjia ulimini, la pili likalisukuma, la tatu likayazuia yote mawili.

Haya, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Yupo aliyemfanya akipende kitabu, yupo aliyempa namna ya kusema, na yupo aliyemlazimisha awe na la kusema. Nafasi ni moja, na mkuu wa shule bado anasubiri. Nyinyi mlioketi hapa, mngekuwa Wakesho, mngemtaja nani? Je, katika hao watatu, ni nani hasa aliyestahili?