Daftari Tatu na Muuguzi Mmoja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye usingizi akanawe uso. Hadithi hii haitaki kusikilizwa tu. Itawadai jibu, nami sitawasaidia.

Huko milimani Upare, katika kata ya Mvungwe, walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Nakijwa, mhudumu wa zahanati, alipewa macho: mtoto akimwona mara moja hamsahau, hata aletwe na shangazi badala ya mama. Mbonea, mwenye duka la dawa, alipewa masikio: mtu akisema, "Nipe dawa, ni ya jirani," Mbonea hujua kwa sauti tu kwamba jirani ndiye yeye mwenyewe. Na Bi Namkunda, mkunga aliyezalisha nusu ya kata, alipewa miguu: angeweza kukatiza ua wa mtu yeyote na asiulizwe anatafuta nini.

Kila msimu wa baridi kata ile ilivamiwa na ugonjwa wa kutapika na kuharisha. Watu waliuita upepo. Daktari wa wilaya aliuita virusi vya noro, akasema hupita kwenye mikono isiyonawa na kwenye chakula, na humwangusha mtu ghafla.

"Nina muuguzi mmoja tu," akawaambia watu wa kata zake zote. "Kabla sijampanga, nataka kujua mzigo huu unamwelemea nani: watoto, watu wazima au wazee. Kata itakayoniletea hesabu kamili ndiyo itakayompata."

Wale watatu wa Mvungwe wakagawana kazi. Nakijwa alihesabu watoto. Kina mama wa kule hawaridhiki na dawa ya mahali pamoja. Mtoto mmoja hupelekwa zahanati asubuhi, kituo cha misheni mchana, na kesho yake zahanati tena. Angehesabu mwingine, mtoto huyo angekuwa watatu. Nakijwa alizunguka kote kuwili, akamtambua kila mmoja kwa uso, na katika wiki sita akaandika watoto mia moja arobaini. Wengi walipona kwa maji ya chumvi na sukari. Mmoja, wa miezi saba, hakupona. Foleni ilifika barabarani, na wajawazito walirudi nyumbani bila kupimwa.

Mbonea alihesabu watu wazima, wale ambao hawapangi foleni hata wakibebwa. Wabeba tangawizi, walimu, wapishi wa shule: wote walipita dukani kununua dawa "ya jirani". Akaandika themanini na sita. Hakulazwa hata mmoja, ila tangawizi ilioza shambani kwa kukosa wabebaji, na mpishi mmoja aliyejikaza akaenda kusonga ugali aliangusha bweni zima.

Kwa wazee, kazi ilikuwa ngumu. Kule Mvungwe mzee akichafua kitanda hasemwi. Mgeni akiuliza hali, huambiwa, "Mzee amepumzika," na mgeni mwenye adabu hubadilisha mazungumzo. Shuka zake hufuliwa kimyakimya na kuanikwa nyuma ya nyumba, migombani. Ndiyo maana kitabu cha zahanati hakikuwa na mzee hata mmoja, na daktari alikaribia kuandika kwamba ugonjwa huu wazee hauwagusi. Bi Namkunda hakumuuliza mtu. Alipita nyuma ya nyumba akahesabu shuka, na palipoanikwa siku ya pili na ya tatu alibisha hodi akaingia chumbani mwenyewe. Alipata wazee kumi na tisa tu, lakini walilala karibu wiki nzima badala ya siku mbili, na wanne walizikwa. Msibani ilisemwa ni uzee.

Daktari alizisoma daftari zote tatu bila kuinua kichwa. "Ukiondoa moja hapa, hakuna hesabu," akasema. "Muuguzi ni wenu. Sasa yule ambaye kazi yake imezidi za wenzake ndiye aseme muuguzi akae wapi. Wawili wakikubaliana ni nani, imetosha. Ijumaa nikikuta bado mnavutana, nampeleka kata nyingine."

Walikutana kwenye baraza la zahanati.

"Dada Nakijwa," Mbonea akaanza, "mtoto anaambukizwa na nani? Na mama yake, na mpishi wake. Ziba panapovuja. Muuguzi akae shuleni na sokoni."

"Wako wana miguu ya kufika dukani," Bi Namkunda akamjibu. "Wangu hawawezi hata kufika mlangoni. Muuguzi awafuate majumbani."

Nakijwa alikuwa na jibu lake tayari, la foleni na la yule wa miezi saba. Kabla ya kusema aliichukua daftari ya mkunga ahakikishe hakuna aliyeandikwa mara mbili, ndiyo desturi yake. Ukurasa wa tatu akasoma: *Kwa Sekiete. Siku tano.*

Sekiete ni baba yake mzazi. Siku zote tano alipokuwa akirudi kutoka kazini, wifi yake alimwambia, "Baba amepumzika," naye akashukuru, akaenda kujinyoosha.

"Mama, mbona hukuniambia?" akamuuliza mkunga.

"Ningekuambiaje, mwanangu? Alinishika mkono akasema, asijue Nakijwa."

Nakijwa aliondoka bila kuaga. Akamkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imebabuka, shingo imekonda. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Watoto wa watu wamepona?" mzee akauliza.

"Wengi wamepona, baba."

"Afadhali. Mimi usinitaje huko kwenye vikao vyenu. Nimekuomba."

Ijumaa ikafika, na baridi ilikuwa bado ina mwezi mzima mbele. Mbonea hajabadili neno, Bi Namkunda hajabadili neno, na gari la daktari limekwisha simama. Nakijwa akishikilia watoto wake, watakuwa watatu kila mtu na lake, na muuguzi ataondoka. Akimfuata Mbonea, huenda ugonjwa ukapungua mwakani, lakini mwaka huu kuna wazee waliolala wamegeukia ukuta. Akimfuata Bi Namkunda, ataulizwa mbele ya kata nzima kwa nini ameacha watoto mia moja arobaini kwa ajili ya wazee kumi na tisa, na jibu la kweli ni jina aliloombwa asilitaje.

Daktari amekaa, amefungua kalamu. "Haya, mama Nakijwa. Wewe ndiwe uliyebaki."

Mnaonisikiliza, mwenye mtoto mgongoni na mwenye mzazi ndani: kati ya macho, masikio na miguu, ni kazi ya nani iliyozidi? Na kama ungekuwa wewe umekaa pale, baba yako akiwa kitandani, ungesema nini?