Kunguru wa Mfalme Gonsalo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kiti cha enzi!
Aliyekikalia alitulia?
Wapi! Hakutulia!

Hapo kale, katika nchi ya Ureno, alikuwako mfalme akiitwa Gonsalo. Ujanani alipigana vita, akajenga ngome kando ya mito, akawagawia wakulima mashamba, nchi ikashiba. Lakini mvi zilipoota, hofu nayo ikaota. Kikombe kikigonga meza, moyo wake pu!

Siku moja kunguru akatua dirishani.

"Gonsalo, Gonsalo, kiti chako kinatamaniwa!"

"Na nani?"

"Na nduguyo Roi."

Mfalme akamfukuza Roi. Roi akavuka mpaka huku analia.

Kunguru akarudi.

"Gonsalo, Gonsalo, kiti chako kinatamaniwa!"

"Na nani?"

"Na jemadari wako."

Jemadari akatiwa gerezani.

Kunguru akarudi mara ya tatu.

"Gonsalo, Gonsalo, kiti chako kinatamaniwa!"

"Na nani tena?"

"Na mwanao Vashku."

Vashku! Mwanawe wa pekee! Hata hivyo mfalme akatuma askari wamkamate. Vashku naye, kwa kuogopa, akakusanya watu wake.

Majeshi yakakutana uwandani, baba huku, mwana kule. Mfalme kashika upinde. Mara malkia Aldonsa akafika juu ya nyumbu wake wa kupanda, akasimama katikati.

"Bwana! Nimekuzalia mmoja tu. Ukimtaka huyo, mshale upitie kwangu!"

"Rusha!" akalia kunguru. "Rusha! Rusha!"

Mfalme akamgeukia. "Ewe kunguru, nikirusha, wewe unapata nini?"

"Macho, bwana. Ya yeyote atakayeanguka. Mimi sibagui."

Upinde ukamponyoka mfalme. Akaenda kwa miguu hadi kwa Vashku.

"Baba, nilikuogopa."

"Nami nilikuogopa wewe, mwanangu."

Jemadari akafunguliwa. Roi akatumiwa wajumbe, lakini wakarudi na joho lake tu. Mwenyewe alikwisha kufa ugenini. Mfalme akalipokea kwa mikono miwili.

Basi, wenzangu, anayewaogopa walio wake huwalisha wasiomtakia mema. Hadithi nimeitua hapo, aitakaye aibebe. Na anayebisha aende Ureno kwa miguu akaulize. Akirudi atukute tumeshakula.