Nta Ndani ya Kibaba

Sogeeni! Na wewe unayesinzia, fumbua macho, maana hadithi hii haiwangoji wanaolala.

Hapo zamani za kale, Kifaru, Nyati na Kindi waliishi nyumba moja. Walilima pamoja, wakala pamoja, na mtama wao wakauweka kwenye kihenge kimoja nyuma ya jiko. Kihenge chenyewe kimlango chake kidogo! Kifaru akiingiza kichwa, pembe inakwama. Nyati ndiyo usiseme. Basi aliyeingia ni Kindi peke yake, anachota mtama kwa kibaba, wenzake wanapokea nje.

Siku walipomaliza kuvuna, Kifaru alitembea kwa maringo.

"Kila mtu kibaba cha tele kwa siku, na mtama utatufikisha mavuno mapya. Mipango imekamilika!"

"Tutenge kidogo, kaka," Kindi akasema. "Je, nyumba ikipatwa na jambo?"

"Jambo gani?"

"Ningelijua si ningekwambia?"

Nyati akaruka juu. "We Kindi! Usituchurie! Anayeliwekea balaa chakula analiita lije!"

"Tena atakayetenga hata punje," akanguruma Kifaru, "ahame nyumba hii!"

Lakini Kindi alikuwa na watoto wachanga, hata macho hawajafumbua, wamelala kikapuni mle mle ndani. Nyumba ikipatwa, hawa majitu watalala popote. Watoto wake je?

Kesho yake mbio kwa nyuki! Akarudi na nta, akaibandika chini kabisa ndani ya kibaba, akaisawazisha kwa kidole. Kwa nje kibaba kilikuwa kile kile. Ndani kilikuwa kimepungua kina.

Jioni Kifaru akasimama kimlangoni. "Leta! Na kiwe cha tele!"

"Hicho hapo!" Kindi akakitoa kimejaa hadi punje zinamwagika, pru, pru, pru.

"Naam! Mimi hanipunji mtu."

Kifaru akakitazama kichuguu cha juu, akatabasamu. Chini aangalie nini? Wakapika, wakala, wakashiba, wakabeua. Ikawa hivyo kila siku, na kila siku mtama kidogo ukabaki kihengeni bila wakubwa kujua.

Masika yalipokaribia, upepo ukaja. Vuuuu! Nguzo zikalia kwaa, kwaa! Mara paa zima likang'oka, likaenda kuanguka shambani kwa Tembo, puu!

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile hakuna aliyeezeka nyumba peke yake. Unawaita majirani, wanakuja na miundu na kamba, nawe unawapikia washibe. Usipowapikia, kila mtu anajitwika kamba zake anarudi kwake, na hakuna wa kumlaumu.

Kifaru akakaa chini. "Tumekwisha! Tukiwalisha majirani, sisi tutakula nini mpaka mavuno? Tusipowalisha, paa hatuna!"

Nyati analia machozi. Wingu jeusi limetanda. Watoto wa Kindi wanatetemeka kikapuni, nyii, nyii, nyii.

"Waiteni majirani," Kindi akasema.

"Tuwalishe mawe?" akafoka Kifaru.

"Waiteni, nimesema!"

Wakaja, Tembo mbele. Kindi alikwisha ingia kihengeni. "Pokea! Pokea! Nyati, mbona umezubaa? Pokea!" Kapu la kwanza likajaa. La pili likajaa. Kifaru macho yakamtoka.

"Mtama huu watoka wapi? Si tumekula kila siku?"

Akapeleka pua achungulie, pembe ikagonga kibaba mkononi mwa Kindi, kibaba kikaanguka chini ya kwato la Nyati. Kruu! Kikapasuka, nta ikatoka nje, majirani wote wanaona.

"Nta! Kumbe ulikuwa ukitupunja, Kindi! Siku zote hizi!" akanguruma Kifaru. "Si nilisema atakayetenga ahame?"

Kindi akatoka, mkia juu. Alikuwa anaogopa, lakini hasira ilizidi woga. "Nimewapunja, ndiyo! Mlilala njaa siku gani?"

Akayanyooshea makapu kidole.

"Niambieni, siku gani? Na nimeupeleka wapi? Si huo mliobeba?"

Tembo akaangua kicheko. "Haya Kifaru, mfukuze basi, nasi turudi na kamba zetu!"

Tone la mvua likamdondokea Kifaru puani. Ti!

"Nani kasema kufukuza?" akapiga kelele. "Injikeni vyungu! Upesi!"

Weee! Moto ukawaka, ugali ukasongwa, nyasi zikapanda juu, kamba zikakazwa. Mvua kubwa ilipomwagika, paa lilikuwa limekwisha fungwa. Kindi akagusa kikapu chake kwa ndani. Kikavu! Akawakumbatia wanawe, akacheka huku analia.

Mavuno yaliyofuata, Kifaru alimletea kibaba kipya, amekichonga mwenyewe.

"Dada Kindi," akasema kwa sauti ndogo, "nimeliacha tako lake nene makusudi. Nyati usimwambie."

Hadithi yangu inaishia hapo, nanyi kumbukeni: ukipanga shibe, panga na shida.