Ndugu wa Kaharabu na Jini wa Sufuria

Alitawala katika mji wa Kaharabu, mji wenye kuta za rangi ya asali na minara iliyopakwa wekundu nchani kama vidole vya bibi harusi, sultani mmoja jina lake Ghalibu bin Ghassani, na alikuwa mtu mwema, tusimsingizie, na moyo wake ulikuwa laini kama mkate wa sinia. Na taabu yote mtakayoisikia ilianzia kwenye wema huo.

Siku moja Sultani alipita sokoni na akamwona kibarua amelala juu ya magunia ya tende, mdomo wazi, nzi wakimtembelea usoni, na akalia mpaka ndevu zikalowa. Aliporudi kasri akamwita waziri wake, Munawari, akamwambia, "Ewe Waziri, haifai mtu afanye kazi katika mji wangu kisha alale kama mzigo. Tunga sheria ya kuwahifadhi wote walioajiriwa." Na Waziri Munawari, aliyezaliwa ndani ya kasri na ambaye hakuwahi kukoroga hata uji wake mwenyewe, akajifungia chumbani na wino na udi, na alipotoka alitoka na sheria ndefu, nzuri, yenye vina.

Sheria ikasema kwamba kila aliyeajiriwa apewe chumba chenye dirisha linaloelekea kibla. Na apumzike kila ngoma ya kasri inapolia, nayo ililia kutwa, kwa kuwa mpigaji wake naye aliajiriwa na hakuwa na kazi nyingine. Na asifukuzwe wala asihamishiwe kwa tajiri mwingine ila kwa ridhaa yake mbele ya makarani wa diwani, ofisi ya Sultani. Na akiumia kazini atibiwe na tabibu wa kasri. Na tajiri wake ampeleke diwani akavishwe shingoni muhuri wa nta. Na mwisho kabisa, kwa huruma, Waziri akaongeza kwamba wanaosaidiana kwa undugu si waajiriwa, na sheria haiwahusu.

Basi! Kulipokucha, mji mzima wa Kaharabu ulikuwa ndugu. Fundi viatu aliyelelewa yatima akagundua ana wapwa tele, na wote wanajua kushona soli. Mshona kanzu aliyekuwa mfupi kama kinu akamtambulisha pacha wake, bwana mmoja aliyeinama kupita kila mlango. Wapaka rangi za vitambaa wakafunga milango ya mbele na kuhamia uani, na ukibisha hodi unajibiwa, "Hapa hapana kazi, ni nyumbani tu, tuna wageni." Na wageni hao mikono yao ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko.

Katika mji huo aliishi Bi Shufaa, mjane, mpishi wa halua, aliyerithi kwa bibi yake sufuria kubwa ya shaba, na sufuria hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake yote. Na anayeijua halua haambiwi: wanga na sukari na samli vikishakutana motoni, mwiko hausimami. Ukisimama hata kwa kupiga chafya, inashika chini, na ikishashika chini umepika gundi. Mkorogaji wake aliitwa Sudi, kijana mtu mzima, mwenye mabega mapana na maneno machache, na Bi Shufaa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, alikuwa wa kwanza kabisa kumpeleka mtu wake diwani.

"Dirisha la kibla lipo?" akauliza karani.

"Ukuta wa kibla ni wa ghala la Waziri, bwana. Nitoboe ghala la Waziri?"

"Basi hana chumba. Na ngoma ikilia atapumzika?"

"Halua ikiwa jikoni?"

"Sheria haijataja halua, bibi."

"Si ndiyo nasema!"

Karani akapiga miayo, akatazama huku na huku, akamwinamia. "Bi Shufaa," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, "kwani huyu si nduguyo?"

Bi Shufaa akasonya msonyo uliosikika mpaka barazani. Wazazi wake walimzaa yeye peke yake, na mji wote ulijua, kwa hiyo undugu wa damu haukuwezekana. Basi akaapa kwamba yeye na Sudi walinyonya titi moja utotoni, na kikongwe mmoja jirani, kwa sinia la halua, naye akaapa kwamba titi lilikuwa lake. Karani akaandika, na kila mtu akaenda zake.

Misimu ikapita, na Sudi akakoroga, na Bi Shufaa akapima hiliki na zafarani, na katika kupokezana mwiko mikono yao ikazoea kugusana, na baadaye ikaanza kukawia. Mpaka siku moja halua iliyokuwa ikitokota ikaruka ikamshika Sudi mkononi, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, na halua ya moto haipanguki kama maji. Bi Shufaa akamkimbiza kwa tabibu wa kasri.

"Muhuri wake uko wapi?" akauliza tabibu.

"Hana. Ameungua, humwoni?"

"Namwona. Lakini hapa imeandikwa ni nduguyo wa kunyonya. Ndugu akiungua ni mambo ya nyumbani. Mpake asali, dada yake."

Wakarudi nyumbani. Bi Shufaa akampaka asali, akamfunga kitambaa kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu ya nafsi yake, maana kiapo kilichomnyima Sudi dawa kilitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Bi Shufaa," akasema Sudi, "mimi nimechoka kuwa kaka yako."

"Na mimi nimechoka kuwa dada," akajibu, kisha akageuza uso na kujifanya anatafuta mkasi.

Wakaenda kwa kadhi. Kadhi akasikiliza, akapangusa uso wake kwa viganja. "Nyinyi ni wa ngapi?" akasema. "Kila siku naletewa ndugu wanaotaka kuoana! Binti yangu, ukishikilia kiapo chako, ndoa hii ni haramu. Ukikikana, umeapa uongo diwani, na adhabu yake ni kunyang'anywa chombo cha kazi. Yaani sufuria. Chagua."

Bi Shufaa akarudi nyumbani, akawasha moto, akaanza kukoroga mwenyewe, na kwa ghadhabu akaukwangua ukoko wa tangu enzi za bibi yake, akakwangua na kulaani, akalaani na kukwangua, mpaka mwiko ukagonga hirizi ya fedha iliyozama chini yake, na moshi wa zafarani ukajaa jiko, na ndani ya moshi akasimama jini, kichwa chake kimeegemea boriti, na macho yake kama makaa.

"Labeka, ewe uliyenikwangua!" akanguruma. "Mimi ni Dahmashi, mtumwa wa sufuria hii. Niamrishe! Nikujengee kasri la lulu? Nikuletee hazina za wafalme waliozama?"

"Unaweza kukifuta kiapo?"

Jini akajikuna sikio. "Kiapo, bibi, hapana. Milima naweza. Kiapo ni cha aliyeapa."

"Ndivyo mlivyo wakubwa nyote," akasema Bi Shufaa. "Shika mwiko."

Na Dahmashi akashika mwiko, na akatoa halua laini, yenye kung'aa kama kito, na sifa zake zikaenea, na sifa zikamleta mkaguzi wa diwani, bwana mmoja mnene aitwaye Farhani, aliyefuata harufu zaidi kuliko sheria.

"Huyu nani?" akauliza, kinywa kimejaa.

"Jini."

"Naona. Ameajiriwa?"

"Amefungwa kunitumikia."

"Bi Shufaa, usinichoshe. Mwite mjomba, tumalize. Wote wana mjomba."

Na hapo Bi Shufaa akamtazama Sudi aliyeketi pembeni na mkono wake uliofungwa, na kitu kikamkatika moyoni. "Hapana," akasema. "Nimekwisha kusema uongo mmoja, na tazama ulipomfikisha mtu. Andika: ameajiriwa."

Farhani akataka kupaliwa. Hakuwahi kuandika neno hilo. Lakini akaandika, na Dahmashi akavishwa muhuri wa nta, akasomewa sheria yote, vina kwa vina, na jini akaisikiliza kama anayeimbiwa na mama yake. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kumwambia apumzike. Akanyoosha kidole, akatoboa ukuta wa kibla, likatokea dirisha, na upande wa pili, ndani ya ghala la Waziri, wakaonekana watu wamejaa gizani wakichambua pilipili manga, matambara puani, macho mekundu.

"Nyinyi nani?" akauliza Bi Shufaa.

"Wapwa wa Waziri!" wakajibu kwa sauti moja, kama watoto wa chuoni.

Ngoma ikalia. Dahmashi akaweka mwiko chini, akakunja miguu, akakaa. "Mapumziko," akasema kwa furaha. Bi Shufaa akaurukia mwiko huku akisema maneno ambayo msimulizi hatayarudia.

Ikafika sikukuu ya Sheria, na Sultani Ghalibu akasema, "Nataka kuwaona walioajiriwa wa mji wangu, nifurahi kwa furaha yao." Wapiga mbiu wakazunguka, uwanja ukapambwa, Sultani akapanda ukumbi wa juu wa mnara, watu wakajaa, na walipoitwa wenye mihuri wasogee mbele, wakasogea watumishi wa kasri, na mpiga ngoma, na Dahmashi. Basi. Hakuna mwingine.

"Waziri," akasema Sultani, "mji wangu ulikuwa na vibarua tele. Wamekwenda wapi?"

"Maulana, ni baraka! Watu wako wameingiwa na mapenzi ya jamaa. Kila mtu anamsaidia nduguye, na kuajiriana kumetoweka."

"Na kwa nini siku hizi sisikii vigelegele vya harusi?"

Waziri akaanza kusifu mapambo ya uwanja.

Bi Shufaa, aliyeitwa uwanjani kama tajiri pekee wa mji, akahisi maneno yanampanda kooni. Sudi akamvuta ushungi. "Nyamaza," akanong'ona. "Sufuria itakwenda. Utakula nini?"

"Na wewe ukiungua tena, nikupake asali?" akamjibu, kisha akasogea mbele, akainama kama iwapasavyo watu mbele ya wafalme, na akasema kwa sauti iliyofika mnarani:

"Maulana, Mungu akuzidishie umri na akupunguzie washauri. Harusi hazipo kwa sababu sote tumeapa kuwa ndugu, na ndugu hawaoani. Tumeapa kwa sababu sheria yako haiwezi kutimizwa na mtu mwenye jiko moja na ukuta wa jirani. Vibarua wako hawakutoweka, wamefichwa, na aliyefichwa halali penye dirisha, hapumziki, na akiungua anaambiwa aende kwa dada yake. Mimi ndiye dada. Nimeapa uongo. Huyu si ndugu yangu, na huu ndio mkono wake." Na akaufunua mkono wa Sudi mbele ya watu wote.

"Mwongo!" akapaza Waziri. "Amekiri mwenyewe, atasadikiwaje?"

"Dahmashi," akasema Bi Shufaa bila kugeuka, "funua."

Jini akainua mikono yake, na mapaa yote ya Kaharabu yakainuka kama mifuniko ya vyungu, yakasimama hewani, na Sultani akaona: wapaka rangi wamezama katika mapipa, washonaji wamebanana stoo kama dagaa, wasaga nafaka weupe kwa unga wakikohoa, na ndani ya ghala la Waziri wapwa wake wakiinua nyuso kwenye jua, macho yakiwatiririka.

"Rudisha!" akalia Waziri. "Rudisha mapaa sasa hivi!"

Ngoma ikalia.

Dahmashi akakunja miguu, akakaa. "Mapumziko, Mheshimiwa," akasema. "Umeandika mwenyewe."

Na mapaa yakabaki angani, na hakukuwa na la kufanya ila kutazama. Na Sultani akatazama, na machozi yakamlengalenga.

"Maulana, nakuomba usilie," akasema Bi Shufaa. "Mara ya mwisho ulipolia, tulipata sheria."

Watu wakajiinamia kwa hofu. Kisha Sultani akacheka, akacheka mpaka kilemba kikalegea, akapangusa macho, akasema, "Basi nifanye nini, ewe mwanamke mkali?"

"Mpeleke aliyeitunga akaifuate. Kila jiko, kila ua. Akishashika mwiko, atajua mtu apumzike lini."

Ikawa hivyo, na Dahmashi alipomaliza kupumzika akarudisha mapaa. Waziri Munawari akakoroga halua, akachambua pilipili ghalani mwake, akabeba magunia, na aliporudi kasri viganja vyake vilikuwa na malengelenge na sheria yake mpya ilikuwa fupi na haina vina: mapumziko yafuate kazi na si ngoma, hewa iingie penye watu, dirisha lielekee litakako, muhuri upelekwe mitaani bila mtu kuzungushwa diwani, na tabibu amtibu aliyeumia kwanza, aulize baadaye. Na ridhaa ya mwajiriwa kabla ya kuhamishwa ikabaki kama ilivyokuwa, maana hiyo ilikuwa njema tangu mwanzo, na Bi Shufaa mwenyewe aliitetea.

Na aliitetea kwa sababu. Waziri, kwa kisirani chake cha mwisho, alikumbusha kwamba aliyeapa uongo anyang'anywe chombo, na akatuma watu wachukue sufuria. Dahmashi akaegemea mlango. "Ikiondoka, nami nimehamishiwa kwa tajiri mwingine," akasema. "Siridhii." Wakarudi mikono mitupu.

Kadhi akaamuru kila aliyeapa uongo atoe kafara kwa kulisha maskini, na maskini wa Kaharabu wakanenepa msimu ule, na viapo vikakanwa, na watu wakaoana kwa kugombania nafasi. Na Sudi na Bi Shufaa wakafungishwa nikahi mbele ya Sultani, na Sultani akawaandikia wapike halua yote ya kasri, wakawa matajiri, na wakorogaji wao wakakoroga wawili wawili kwa kupokezana, milango ya mbele ikiwa wazi.

Na funzo lake ni hili, kwa anayelitaka: anayetaka kumlinda mtu mwenye kazi, kwanza akaione kazi yenyewe, la sivyo atakuwa amemlinda karani tu.

Ama Dahmashi, yeye aliajiriwa kwa sheria ya zamani, na hakuridhia kuibadilisha. Siku ya harusi, wageni wameketi na halua imefika pale pabaya, mpiga ngoma akapiga kwa furaha yake mwenyewe, na jini akaweka mwiko chini, akakaa karibu na dirisha lake. Bi Shufaa akasonya, akakunja mikono ya nguo ya harusi, akaushika mwiko; na mkono wenye kovu ukaja juu ya wake, wakakoroga pamoja, na safari hii halua haikushika chini.