Mama Aliyeomba Atozwe Kodi

Bisha sasa hivi, maana ukifika mwisho utakuwa umechelewa. Shule niliiacha mapema, lakini mambo ya riba na thamani ya pesa nakueleza kwa vyungu tu, wewe na vyeti vyako utulie. Ukimaliza, mtumie yule rafiki yako anayeshangilia vya bure.

Palikuwa na mfalme aliyependa kupendwa. Akafuta kodi zote. Watu wakacheza ngoma hadi vumbi likawaingia puani. Kisha akaanza kujenga ukuta wa mawe kuzunguka mji, na simbi za kulipia, maana simbi ndiyo iliyokuwa pesa yao, akazikopa kwa matajiri.

Mfinyanzi mmoja, Mama Tunsume, upepo ulimwezulia banda. Mvua zilikaribia, na vyungu vibichi vikilowa vinarudi kuwa tope. Akaenda kwa Mzee Kasyupa, mkopeshaji.

"Riba imepanda mara mbili, mwanangu," akaambiwa. "Mfalme anachukua chochote nilichonacho, kwa riba yoyote. Ukitaka nikupe wewe, fikia riba yake."

Akabeba vyungu vilivyokwisha kuchomwa, akaenda kuviuza ng'ambo ya mlima. Huko nako balaa. Watu wa huko walikuwa wamesikia riba nono ya kwa mfalme, wakaja mbio na chumvi, ndiyo pesa ya kwao, kununua simbi ili nao wakopeshe. Simbi zikawa ghali. Chungu chake hakikupanda hata simbi moja, lakini kwao sasa kilikula chumvi nyingi. Wakakigonga, wakakisifu, wakaenda zao.

Akaingia barazani kwa mfalme, udongo bado mikononi.

"Baba, nitoze kodi."

Baraza zima likacheka. Mfalme akamuuliza kama jua limempiga kichwani.

"Zamani nilikupa kuku mmoja kwa mwaka, na mkopo nilipata. Sasa kuku ninaye, lakini kila mlango ninaokwenda kukopa nakukuta umetangulia."

Mfalme hakucheka tena. Akapunguza ukuta, akarudisha kodi, akaacha kukopa. Riba ikashuka, simbi zikapoa, na Mama Tunsume akamaliza kuezeka matone ya kwanza yakimwangukia mgongoni.

Haya, kuna kipande nimekiruka makusudi. Mtoza kodi alipobisha hodi, mama huyo huyo alimficha kuku uvunguni. Kuku akataga, akajitangaza kwa kelele. Mama akamtoa taratibu.

"Mchukue," akasema. "Yai ni langu."

Funzo: Mtawala akitumia bila kutoza, utalipia kwenye riba na sokoni, na kodi inamuuma hata aliyeiomba, kwa hiyo anayeipokea aishike kwa adabu.