Mjane Mwenye Eda na Jini wa Darini

Katika mji wa Shambarini alitawala Sultani Badrani, mtu wa swala na haki, na sheria yake ya nyumba za kupanga aliibandika mlangoni mwa msikiti ili kila mtu aisome: mpangaji aliyelipa kodi hatolewi kabla ya muda wake, na mwenye nyumba haingii bila hodi, na dari likivuja ni juu yake kulitengeneza.

Na mjini humo aliishi Mwatime binti Shee, aliyepanga nyumba pamoja na mumewe, fundi wa kutia misahafu majalada, na kodi ya mwaka mzima walikwisha kuilipa. Mwezi wa sita Mwenyezi Mungu akamchukua mume, na Mwatime akakaa eda. Alitaka jambo moja tu: kuitimiza miezi yake minne na siku kumi katika nyumba ile ile alimofia mumewe, kama dini ilivyomwamuru.

Siku ya ishirini mwenye nyumba, Bwana Ghalibu, akaingia mpaka ukumbini bila hata kukohoa.

"Siku tatu uwe umehama. Nimepata tajiri wa karafuu, atoa maradufu."

"Bwana Ghalibu, nimo edani. Na kodi umeipokea."

"Nilipatana na mumeo, na mumeo keshakwenda. Eda kaikalie kwa shangazi yako."

"Na dari hili linalovuja?"

"Weka sufuria."

Akaenda zake. Mwatime akaswali, akalia kidogo, na alipokuwa akiisogeza sufuria kipande cha chokaa kikaanguka kutoka darini, na ndani yake mna pete. Akaifuta kwa upindo wa shuka, na moshi ukafuka, na mbele yake akasimama jini, pembe zake zikigusa boriti.

"Labeka, bibi yangu. Amuru."

"Toka nje kwanza," alisema Mwatime, akijifunika uso. "Mwanamume haingii hivi kwa mwanamke mwenye eda."

Jini, aliyewahi kuwatumikia wafalme saba, akatoka kwa haya, na maneno yao yakawa ya nyuma ya mlango.

"Nimtupe mwenye nyumba ng'ambo ya mlima Kafu?"

"Hapana, hiyo nayo ni dhuluma. Mpelekee Sultani mkataba huu wa kupanga, umwambie siwezi kutoka."

"Hilo tu? Wenzio huomba kasri."

"Mume wangu hakufia kasrini."

Kabla ya adhuhuri Sultani alikuwa mlangoni mwenyewe, maana mwenye eda haitwi barazani, na akapiga hodi na kungoja kama jirani. Ghalibu naye akaletwa na jini, aliyemsimulia njiani habari ya pete.

"Kodi uliipokea?"

"Niliipokea, Maulana."

"Basi mkataba haufi na mpangaji. Mjane wake atakaa mpaka mwaka uishe, na dari utalitengeneza."

"Na pete iliyotoka darini kwangu, Maulana?"

"Kweli, dari ni lake," alisema Mwatime, akaipitisha chini ya mlango.

Ghalibu akaisugua kwa pupa. "Nijengee kasri la marijani."

"Labeka, bwana," akajibu jini. "Ila nimekaa darini mwako miaka mia, nikilowa kila masika. Nami ni mpangaji. Tuanze na dari."

"Hukulipa kodi hata siku moja."

"Boriti zako unadhani zashikwa na nani?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Haki ya jini hiyo. Na Ghalibu alitengeneze kwa mikono yake."

Basi siku arubaini Ghalibu alibeba chokaa kichwani, akifundishwa na mwashi wa Sultani, mgane aliyefiwa na mkewe kama Mwatime alivyofiwa na mumewe, jina lake Fumo, ambaye kila asubuhi kabla ya kupanda ngazi alimsomea Fatiha marehemu wa nyumba ile. Mwatime aliisikia kila siku. Na dari lilipokwisha, jini akarudi kulala pakavu juu ya boriti, na kasri Ghalibu hakulitaja tena. Na eda ilipokwisha, na Fumo akaleta wazee kuposa, Mwatime hakuwakawiza, akakubali. Sultani akawatunuku nyumba ya vyumba ishirini, wakawapangishia wageni kwa kodi ya wastani, wakatajirika bila kulaaniwa na mtu.

Enyi mnaosikia, dunia hii sote tumepangishwa tu, na Mwenye nayo hajatusumbua. Basi nasi tusisumbuane.