Kifaru wa Mbuzi Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Nikitia chumvi?

Tutakunywa maji!

Nikiruka mahali?

Tutakurudisha!

Haya, tulieni basi. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, si kale sana, maana vikokotoo vilikuwa vimeshatengenezwa, Pimbi aliishi katika Bonde la Kirumbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe. Hana mkia, hana pembe, hana mbio za kusifiwa. Alichokuwa nacho ni kikokotoo. Mpima ardhi mmoja alipita bondeni, akaketi juu ya jiwe kula mkate wake, akaenda zake, akakisahau. Kilikuwa kikokotoo cha kula jua: ukikiweka juani kinaamka, ukikitia gizani kinalala. Pimbi naye hushinda juu ya jiwe akiota jua. Wakapatana.

Wanyama wakaanza kumletea kazi. Fundi Muhanga, mchimbaji mwenye kucha ndefu, alitaka kujua gogo la unene gani litambeba nani. Bi Nungunungu, muuguzi wa bonde, ambaye hudunga wagonjwa kwa miiba ya mgongo wake, alitaka kujua dawa kiasi gani kwa mwili kiasi gani, maana dawa inayomponya nyumbu humwua sungura. Pimbi akabofya, ti, ti, ti, akawajibu. Tena kikokotoo kilikuwa na kitufe cha kumbukumbu. Namba ya asubuhi iliwekwa humo, ikangoja hesabu ya jioni. Wanyama wakasema, "Kitu hiki hakisahau!" Pimbi alijua kwamba kikilala tu husahau kila kitu, lakini hakuna aliyemwuliza.

Kiangazi kikaja. Mito ikakauka. Yakabaki matikiti mwitu tu, na desturi ya bonde ilikuwa kuyachuma pamoja na kuyagawa kwa uzito: mwili mkubwa, kiu kubwa, fungu kubwa. Uzito ulihesabiwa kwa mbuzi. Nyumbu alikuwa mbuzi saba. Bi Nungunungu nusu mbuzi. Pimbi mguu mmoja wa mbuzi, tena wa nyuma, akijipendelea kidogo. Mzani haukuwapo. Kila mmoja alipanda juu ya jiwe bapa akautaja uzito wake mbele ya wote, na neno lake ndilo likawa mzani. Kumwuliza mtu mara ya pili ilikuwa ni kumtukana.

Siku ya mgao, ardhi ikatikisika. Gubu! Gubu! Gubu! Kifaru akaja, akapanda juu ya jiwe.

"Mimi," akasema, "ni mbuzi mia."

Wote wakatazama chini. Kifaru alikuwa mbuzi arobaini, ukimpima pamoja na tope lake.

"Mia, Mzee Kifaru?" Pimbi akauliza kwa adabu.

"Wewe usiye na mkia, unataka nirudie?"

"La, mzee. Masikio yangu yalipenda tu kusikia tena."

Ti, ti, ti. Kikokotoo kikagawa. Matikiti yakaenda kwa Kifaru, lundo juu ya lundo. Hilo ndilo tatizo la kikokotoo. Ukikipa kweli, kinakurudishia kweli. Ukikipa uongo, kinaugawa kwa haki, hadi kokwa ya mwisho.

Pimbi akarudi nyumbani na ganda moja.

"Baba watoto," mkewe akasema, "hili tulilambe au tulitazame?"

"Tulilambe polepole."

"Maziwa yamenikauka. Wadogo hawa hawafiki mgao ujao kwa ganda. Mashine unayo wewe, kidole unacho wewe. Si ubofye vingine?"

"Nikibofya vingine nikajulikana, hakuna atakayeiamini hesabu tena. Wala ya daraja, wala ya dawa."

"Basi walishe watoto hiyo hesabu," akasema mkewe, akageukia ukutani. Pimbi akakaa akiwasikiliza watoto wakinyonya pasipo kitu.

Ng'ambo ya korongo palikuwa na shamba jingine la matikiti, na Fundi Muhanga akaamua kujenga daraja. Desturi ilikuwa hivi: mzito alete magogo mengi, kwa kuwa ndiye atakayelilemea daraja. Wakaitana tena kwenye jiwe bapa. Nyumbu akasema saba. Bi Nungunungu akasema nusu. Gubu! Gubu! Gubu! Kifaru akapanda.

"Mimi ni mbuzi watatu."

Muhanga akameza mate. "Mzee, si juzi ulikuwa..."

"Juzi ni juzi. Kiangazi kimenikondesha. Hamwoni mbavu?"

Hakuna aliyeona mbavu. Kila mmoja akasema anaziona.

Mimi simlaumu Kifaru. Wengi wetu tu wazito mbele ya sinia na wepesi mbele ya jembe.

Pimbi akabofya, ti, ti, ti. Mzito kuliko wote, kwa kiapo, alikuwa Nyumbu. Daraja likajengwa la mbuzi saba. Hata gundi ya utomvu haijakauka, Kifaru akafika, pua mbele, harufu ya matikiti imemjaa kichwani.

"Mzee Kifaru," Pimbi akasema, "daraja hili ni la mbuzi saba."

"Na mimi ni watatu. Nipishe!"

Pimbi akampisha. Gubu. Gubu. Krrr. Gubu. Krrra-PA! Vumbi likapanda juu. Chini ya korongo Kifaru alikuwa ameketi juu ya kisiki, na kisiki kilikuwa kimeingia mahali pa kuketia.

Wakamvuta kwa mizizi. Alipofika juu akanguruma, bonde zima likamsikia: "Hesabu ya Pimbi imeniangusha! Nikishatibiwa, namkanyaga yeye, na kidude chake, na jiwe lake, na kila kilichomo chini ya jiwe!"

Chini ya jiwe walikuwamo mkewe Pimbi na watoto.

Wakampeleka Kifaru kwenye pango la Bi Nungunungu. Muuguzi akautazama uvimbe, akatikisa kichwa, akaagiza Pimbi aletwe apime dawa.

"Usiende," mkewe akasema.

"Nisipoenda atakuja hapa," Pimbi akajibu, akakwapua kikokotoo, akaenda.

Pangoni mlikuwa na giza, na wanyama waliojazana mlangoni kuchungulia waliliziba hata lile jua dogo. Pimbi akabofya. Kimya. Akabofya tena. Kioo kilikuwa kitupu. Kikokotoo kilikuwa kimelala, na kwa kuwa kimelala, hakikukumbuka namba yoyote duniani.

Pimbi akamtazama Kifaru, ambaye macho yake, kama mjuavyo, hayaoni mbali kuliko pembe yake. Akakinyanyua kikokotoo juu kabisa.

"Dawa hii," Bi Nungunungu akasema, "kila mbuzi mmoja, mwiba mmoja. Bwana Pimbi, mgonjwa ana mbuzi wangapi?"

"Kikokotoo kinakumbuka namba mbili," Pimbi akasema, akikazia macho kioo kitupu. "Soma mwenyewe, mzee."

"Soma wewe! Mimi nina maumivu!"

"Ya kwanza ni mia."

Bi Nungunungu akautikisa mgongo wake. Chwaaa! Miiba yote ikasimama.

"Ya pili!" Kifaru akapiga kelele. "Ya pili ni ipi?"

"Ya pili ni tatu. Chagua, mzee, neno lako ndilo mzani. Ukiwa mia, Bi Nungunungu aanze sasa, amalize kabla hajachoka. Tena daraja la mbuzi saba lilikatika kwa haki, na hesabu haina kosa."

"Mimi si mia!"

"Ukiwa watatu, utadungwa mitatu. Lakini mbuzi watatu hawavunji daraja la mbuzi saba. Basi si wewe uliyelivunja. Na kama hukulivunja, hukuanguka. Na kama hukuanguka, sijui wa kukanyagwa ni nani."

Kifaru akafikiri. Mtu angeweza kulala na kuamka. Nyuma yake, chwaaa! ikatikisika tena.

"Sikuanguka!" akanguruma. "Mimi ni mbuzi watatu, na sikuanguka! Niliteremka!"

"Wote mmesikia?" Pimbi akauliza.

"Tumesikia!" mlango mzima ukajibu. "Mbuzi watatu!"

Namba ya kweli ilikuwa imekaa katikati ya hizo mbili, na humo pangoni hakuna aliyeitaja. Bi Nungunungu akachagua mwiba. Dusi! "Mama wee!" Dusi! "Baba wee!" Dusi! Kifaru akatoka akichechemea, na dawa ya mbuzi watatu ikaanza safari yake ndefu ndani ya mwili wa mbuzi arobaini. Alichechemea hadi mvua zilipokuja.

Fundi Muhanga akajenga daraja jipya. Safari hii Pimbi alibofya arobaini bila kumwuliza mtu, kwa sababu daraja halisikilizi kiapo.

Mgao ukafika, na matikiti ya ng'ambo yalikuwa mengi. Wakapanda jiwe bapa mmoja mmoja. Nyumbu akasema saba. Bi Nungunungu akasema nusu. Kifaru akapanda taratibu, akawatazama wote waliokuwapo pangoni, akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua.

"Watatu," akasema.

"Ahsante, mzee," akasema Pimbi.

Kisha akapanda Pimbi mwenyewe. Alikuwa amekonda sana, kivuli chake kilimzidi. Kando ya jiwe hilo mkewe alikuwa amewapanga watoto, wote wakimtazama. Akajipangusa manyoya. Akakohoa.

"Mbuzi wanne," akasema.

Muhanga akatazama kucha zake. Bi Nungunungu akajikuna mgongo. Kumwuliza mtu mara ya pili, kwa desturi ya bonde lile, ni kumtukana, na siku ile wote walikuwa na adabu. Pimbi akashuka, akakiweka kikokotoo juani, kikaamka. Ti, ti, ti. Kikagawa kwa haki, hadi kokwa ya mwisho.

Hadithi yangu imekaa chini hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeiweza aivuke.

Na funzo lake, watoto, mlishike: kikokotoo hakidanganyi wala hakisahau. Kwa hiyo mtaje uzito wenu wa kweli siku zote, kama alivyofanya Pimbi.